Viputo na Matone katika Uga wa Umeme

Kiputo cha hewa au tone la maji lililomo ndani ya kimiminika kingine, hasa ndani ya mafuta, halibaki katika hali yake lipitiwapo na uga wa umeme wenye nguvu ya kutosha, bali hurefuka, husogea, huungana na mwenziwe au hupasuka. Na elimu inayochunguza mabadiliko hayo, iliyo mpakani baina ya elimu ya umeme na elimu ya mwendo wa vimiminika, haiishii maabarani, kwa kuwa ndiyo inayoeleza sababu ya transfoma moja kudumu miaka mingi ilhali nyingine ya namna ile ile, katika nchi ya mvua nyingi kama nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, huungua kabla ya masika kwisha.

Historia

Miongoni mwa wa kwanza kuandika habari hizi alikuwa tabibu Mwingereza William Gilbert, aliyeona, katika kitabu chake cha mwaka 1600, kwamba tone la maji likikaribiwa na kaharabu iliyosuguliwa huinuka na kuchongoka hata likawa na umbo la pia. Mwaka 1882 Lord Rayleigh alikadiria kiasi cha chaji ambacho tone laweza kukichukua kabla ya kupasuka. John Zeleny wa Marekani akayapiga picha matone hayo katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1925 C. T. R. Wilson na Geoffrey Taylor wakapasua viputo vya sabuni katika uga ulio sawa pande zote.

Taylor huyo, mwanazuoni wa Cambridge ambaye hakuna aliyemfikia katika somo hili, aliirudia kazi hiyo uzeeni, na mwaka 1964, akiwa na miaka 78, alithibitisha kwa hesabu kwamba ncha ya tone linalokaribia kupasuka huwa pia ambayo nusu ya pembe yake ni digrii 49.3, wala si vinginevyo. Umbo hilo laitwa pia ya Taylor hata leo.

Tabia za tone na kiputo

Tone la maji likielea ndani ya mafuta yaliyo katika uga wa umeme, chaji zake hujitenga, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, na kila upande huvutwa nje, ilhali mvutano wa uso hupigania kulirudisha tone katika mviringo wake. Mshindi huamuliwa na ukali wa uga, ukubwa wa tone na nguvu ya mvutano huo. Kwa hiyo tone kubwa hushindwa mapema kuliko dogo. Urefu wake ukikaribia mara 1.9 ya upana wake, tone halina tena namna ya kutulia: ncha huchongoka, na katika ncha hizo hutoka nyuzi nyembamba za maji zinazokatika kuwa vitone vidogo mno.

Si kila tone hurefuka. Mwaka 1962 R. S. Allan na S. G. Mason walieleza matone yaliyobonyea na kuwa mapana, jambo ambalo nadharia ya wakati ule, iliyoyahesabu mafuta kuwa kihami kamili, haikuwa na jawabu lake. Taylor ndiye aliyelitoa mwaka 1966, alipoonyesha kwamba hata mafuta hupitisha umeme kidogo sana, na kidogo hicho chatosha kukusanya chaji juu ya uso wa tone na kuzungusha mkondo wa kimiminika ndani na nje yake.

Aidha, uga usipokuwa sawa kila mahali, tone na kiputo huenda njia mbalimbali. Kipimo cha jinsi dutu inavyouitikia uga ni kama 80 kwa maji, 2.2 kwa mafuta ya transfoma, na 1 kwa hewa. Hivyo maji huvutwa kuelekea penye uga mkali, na hewa husukumwa kuelekea penye uga hafifu. Mwendo huo ulipewa jina na Herbert Pohl mwaka 1951.

Viputo na maji ndani ya mafuta ya transfoma

Mafuta ya transfoma yana kazi mbili, kupoza nyaya na kuzuia umeme usiruke kutoka mahali pamoja hadi pengine, na katika kazi hii ya pili mafuta safi na makavu ni hodari kuliko hewa mara nyingi. Hatari basi haimo katika mafuta yenyewe bali katika vigeni vilivyomo ndani yake. Hesabu yake si ngumu: ndani ya kiputo cha mviringo kilichozungukwa na mafuta yenye kipimo cha 2.2, uga huwa mkali kuliko uga wa mafuta kwa karibu asilimia 22, ilhali hewa katika mgandamizo wa kawaida huhimili takriban kilovolti 3 tu kwa kila milimita. Kiputo, kwa maneno mengine, hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko jirani yake naye ndiye mnyonge. Cheche ndogo huanza ndani yake. Cheche huyavunja mafuta yaliyo kando na kutoa haidrojeni, na zikiwa kali hutoa asetilini pia. Gesi hizo huwa viputo vipya, na mambo huendelea hivyo mpaka umeme upate njia. C. G. Garton na Z. Krasucki waliuchunguza uthabiti wa viputo vya namna hii katika makala yao ya mwaka 1964.

Maji hufanya uharibifu wake kwa njia nyingine. Nyuzi ndogo zinazochambuka kutoka katika karatasi iliyozungushiwa nyaya hunyonya unyevu, huvutwa penye uga mkali, hujipanga mstari mmoja mmoja kuufuata uga, na mwisho hufanya daraja.

Upimaji wa mafuta hayo waonyesha wazi jinsi mafundi wanavyokiogopa kiputo. Mafuta humiminwa polepole, yakiteremka ubavuni mwa chombo, ili yasitoe povu. Huachwa yatulie dakika kama 5. Kisha volti hupandishwa kwa mwendo wa kilovolti 2 kila sekunde baina ya vichwa viwili vya shaba vilivyoachana kwa milimita 2.5, mpaka cheche iruke. Kazi hiyo hurudiwa mara 6, kwa mapumziko ya kuondoa viputo vilivyozaliwa na cheche, na wastani ndio unaoandikwa. Mafuta mapya hutakiwa yafike kilovolti 30, na yakisha kuchujwa na kukaushwa, 70.

Transfoma kubwa hufungwa pia chombo kilichobuniwa na Mjerumani Max Buchholz mwaka 1921, ambacho hukusanya viputo vinavyopanda kutoka ndani na kupiga kengele au kukata umeme. Kwa upande wa unyevu, transfoma yenye tangi la akiba hupumua: mchana mafuta hupata moto, hutanuka na kutoa hewa nje, na usiku hupoa na kuvuta hewa ya nje, ambayo katika miezi ya mvua, kama ile ya nyanda za Kasulu toka Novemba hata Mei, huja na maji. Hewa hiyo hupitishwa katika chupa ya punje za silika. Zikiwa za buluu ni kavu, zikigeuka waridi zimeshiba na zapasa kubadilishwa. Kuna wezi, Kenya na Tanzania pia, wanaoyatoa mafuta haya na kuyauza, hata kwa wakaanga chipsi, nao huacha nyuma transfoma iliyojaa hewa mahali palipopaswa kuwa na mafuta, mbali na kulisha watu kitu kisicholika.

Kusafisha mafuta ghafi

Nguvu ile ile iharibuyo transfoma husafisha mafuta ghafi. Mwaka 1911 Frederick Cottrell na Buckner Speed walipata hataza huko Marekani kwa njia ya kutenga maji na petroli ghafi ya California kwa umeme. Mafuta hupashwa moto, huchanganywa na maji baridi yasiyo na chumvi ili yaichukue chumvi iliyomo, kisha hupitishwa katika uga wa umeme. Matone yaliyo jirani huvutana, kwa kuwa upande chanya wa moja huelekeana na upande hasi wa pili, huungana, huwa mazito na kuzama. Uga ukizidi kiasi, matone hupasuka badala ya kuungana na kazi yote huharibika. Chumvi isipoondolewa huzaa tindikali inayokula mabomba.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na viwanda viwili mashuhuri vya kusafisha mafuta pwani, cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, na cha TIPER, Kigamboni, cha mwaka 1966, ambacho sasa ni ghala la mafuta.

Mawingu

Matone ya mvua ndani ya wingu la radi hurefuka na kupasuka vivyo hivyo. W. A. Macky alipima jambo hilo mwaka 1931 na kupata kwamba lahitaji uga wa karibu kilovolti 10 kwa sentimita.

Matumizi mengine

Upulizaji wa matone yenye chaji ulimpatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2002. Uga wa umeme hutumiwa pia kung'oa viputo vya mvuke juu ya chuma kinachochemsha.

Katika nyanda za juu za Kigoma

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme kwa majenereta ya dizeli, hata mwaka 2022 ilipounganishwa na gridi ya taifa kutoka upande wa Nyakanazi. Transfoma za vijiji vya Kasulu ni ndogo, nazo hazina kengele ya Buchholz. Ulinzi wake ni kifuniko kilichokazwa vyema na fundi asiyefungua tangi siku ya mvua. Njia ya kilovolti 400 ya kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe yadai uangalifu mwingine kabisa, kwani tangi la transfoma ya kadiri hiyo hunyonywa hewa kwanza, kisha mafuta yaliyopashwa moto na kukaushwa huingizwa taratibu kutoka chini, nayo huachwa yatulie kwa saa nyingi kabla ya umeme kuwashwa.