Nyika, Mtawa na Mafungo: Faragha ya Sala katika Nchi ya Chai

Afundishaye Kiswahili katika sehemu za Kericho na Bomet hakawii kukutana na tatizo moja la tafsiri. Vitabu vya ibada vitokavyo Ulaya na Marekani humhimiza Mkristo ajitenge, akae peke yake, asali. Baadhi ya wafasiri, kwa haraka, huiita hali hiyo "upweke". Neno hilo halifai. Upweke ni hali ya mjane, ya yatima, ya mzee aliyehamiwa na watoto wake; mtu huonewa huruma kwa sababu yake, wala hautafuti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha ilikuwa na maneno mengine, na kwamba historia ya maneno hayo yatufunza jambo juu ya dini yenyewe: kujitenga kwa ajili ya sala, kama kulivyoeleweka Afrika Mashariki, hakukuwa kuwakimbia watu.

Tuanze na nyika. Neno la Kiyunani "eremos", lililowapa watawa wa Misri jina lao la wakaa jangwani, limegeuzwa kwa namna mbili katika Biblia ya Kiswahili ya Tafsiri ya Umoja (1952). Katika Mathayo 4 Yesu yuko nyikani. Katika Marko 1:35, anapotoka alfajiri kwenda kusali, wafasiri wameeleza tu kwamba mahali hapo hapakuwa na watu. Sasa, nyika ilikuwa nini kwa wenyeji wa lugha? Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na alipohamia Rabai mwaka 1846, watu wa mjini waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani hao tuwaitao leo Mijikenda. Wanyika hao walikuwa na kaya, mashamba na wazee wa baraza. Nyika basi haikuwa tupu. Ilikuwa tupu machoni pa mtu wa mjini. Na huko Mogogosiek, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na kilima hufuata kilima kwa ukijani, picha ya nyika kavu haimwambii msikilizaji kitu. Kwa Mkipsigis mahali pa kujitenga ni "timdo", msitu. Lakini hata msitu wa Mau ulikuwa na Waogiek, wawindaji na walina asali. Aliyetaka kutokuonana na mtu angepata taabu kupata mahali.

Neno la pili, na ndilo lenye utajiri, ni mtawa. Leo mtoto wa shule ya Kikatoliki akilisikia huwaza sista mwenye shela. Asili yake si kanisani hata kidogo. Katika miji ya pwani kitenzi "kutawa" kilimaanisha kukaa ndani, kutoonekana hadharani. Kilitumika hasa kwa wanawake wa heshima, na kwa mcha Mungu ajifungiaye kwa ibada. Kutawisha kulikuwa kumweka mtu ndani. Mtawa, kwa hiyo, hakwenda mbali na mji: alikuwa katikati yake, nyuma ya ukuta mmoja tu, akisikia wapitao njiani. Wamisionari Wakatoliki walipotafuta jina la waume na wake wa mashirika yao walilichukua neno hili kutoka mazingira ya Kiislamu. Nadhani walichagua vyema kuliko walivyojua. Nomino ikaenea bara yote. Kitenzi hakikusafiri nayo. Ni wachache leo, nje ya pwani, wasemao kwamba fulani ametawa.

Mafungo hayahitaji maelezo mengi. Kufunga ni kuzuia chakula, na kufunga ni kuziba mlango. Kanisa Katoliki limezishika maana zote mbili katika neno moja. Ajabu ni kwamba mafungo kwa kawaida hufanywa na kundi.

Hali kadhalika desturi ya Wakipsigis. Vijana wa jando walitengwa katika "menjo", mbali na nyumbani, lakini walikaa pamoja, rika moja chini ya walezi wao. Sala kwa Asis ilikuwa na mahali pake nyumbani, penye "mabwaita", na mahali pake pa jamii nzima, "kapkoros". Mtu wa peke yake porini alikuwa mtu wa kushukiwa. Ndipo Waprotestanti wakaingia: Willis Hotchkiss mwaka 1905 karibu na Kericho, na katika miaka ya 1930 Wamarekani wa Tenwek, ambao kazi yao ilizaa Africa Gospel Church. Hao walileta sala ya mtu mmoja na Biblia yake asubuhi. Katika miaka hiyohiyo uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulisisitiza kinyume chake: dhambi zitajwe mbele ya ndugu, katika nuru. Mikondo hiyo miwili haijapatana hadi leo, na kesha la sauti kuu hupata watu wengi kuliko sala ya kimya.

Lakini kielelezo kikubwa zaidi kilikuwa kaskazini ya wilaya ya zamani ya Kericho. Mwaka 1956 Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha monasteri Lumbwa, kituo kilichoitwa baadaye Kipkelion. Utaratibu wao wajulikana: kuamka usiku kusali zaburi, kimya, kazi ya mikono. Msomaji asidhani kwamba Mtrapisti huishi peke yake. Hula na wenzake, husali na wenzake. Kimya chake amekiweka ndani ya jumuiya. Ni mtawa kwa maana ileile ya pwani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kipkelion ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochomwa na kumwagwa damu kwa ajili ya kabila na ardhi. Waliofukuzwa mashambani mwao walikimbilia monasteri. Watu waliokuwa wameishi nusu karne kwa kujitenga wakawa na wageni wengi ndani ya uzio wao. Wako watakaosema kwamba hapo faragha ilishindwa. Sioni hivyo. Aliyetishwa alijua pa kukimbilia kwa sababu palikuwapo mahali palipotengwa, penye mpaka ambao watu walikuwa wameuona kwa miaka hamsini. Mpaka huo haukutosha, hata hivyo, kuwalinda watawa wenyewe: mwaka huohuo wa 2008 jumuiya ilihamia Uganda, ambako Watrapisti wa kike walikuwa na nyumba Butende, karibu na Masaka, tangu miaka ya 1960.

Mogogosiek haina monasteri. Ina mashamba madogo ya chai yaliyostawi tangu Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ilipoundwa mwaka 1964, kiwanda, makanisa mengi, na familia kubwa katika ekari chache. Mchumaji huingia shambani asubuhi, na majani mawili na kichipukizi havisubiri. Atakaye kusali peke yake hana msitu wala chumba; ana saa moja kabla ya mapambazuko, jikoni, mlango ukiwa umerudishwa na wengine wakiwa bado wamelala upande wa pili wa ukuta. Kwa hali hiyo "faragha" ni neno la haki, maana hutaja nafasi iliyoachwa wazi, si mtu aliyeachwa. Na kama wana kamusi watakubali, kitenzi "kutawa" chastahili kurudishwa katika matumizi, kwanza katika vitabu vya ibada, ambavyo wafasiri wake ndio wanaokihitaji zaidi.