Wamumu, kambi ya wavulana wa Hali ya Hatari

Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya dhidi ya uasi wa Mau Mau, majeshi ya Uingereza katika Operesheni Anvil yaliizingira Nairobi na kuwasomba watu kwa malori. Zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini, katika kambi ya Manyani na kwingineko, wakiwamo wavulana ambao hata ndevu hazijaota. Baadhi walikuwa wamekula kiapo cha Mau Mau. Wengine walikutwa tu mjini bila kazi wala kibali, na kwa serikali ya kikoloni hilo lilitosha kuwa kosa.

Kero ya vijana wakosaji ilikuwapo hata kabla ya hapo. Kabete kulikuwa na shule ya kurekebisha tabia tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, lakini kiboko ndicho kilichotumika zaidi, kwani hakikuhitaji bweni wala bajeti. Kijana alichapwa, akaachiliwa, faili likafungwa.

Mwaka 1955 wavulana wa Manyani walihamishiwa Wamumu, kwenye uwanda wa Mwea. Mmoja wa wasimamizi wao alikuwa Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu. Yaani kaka yao zaidi ya baba yao. Badala ya kuwahoji kila kukicha kuhusu viapo, kambi iliwafundisha kusoma, useremala na uashi. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakasakata kandanda, na waliomaliza wakatafutiwa kazi.

Serikali iliringa nayo. Wageni walipelekwa Wamumu wakajionee. Kambi ya kizuizi ya Hola, ambako Machi 1959 askari waliwapiga wafungwa 11 hadi kufa, hawakupelekwa. Kwa hiyo sifa za Wamumu hazina budi kupokelewa kwa tahadhari: wema ulikuwapo, lakini wengi wa wavulana hao hawakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Mwaka huohuo wa 1959, Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe, Nairobi, ndani ya vibanda viwili vya bati, kuwapokea wavulana waliozagaa mitaani. Hapo mtoto hakulazimika kukamatwa kwanza ndipo apate mwalimu.

Uhuru haukuleta mageuzi ya haraka. Mtoto wa miaka 8 bado aliweza kushtakiwa kwa jinai, na vijana wakubwa zaidi wakapelekwa borstali, yaani magereza ya vijana, za Shikusa na Shimo la Tewa. Sheria ya Watoto ya 2001 ndiyo iliyoondoa kiboko katika adhabu zao, ikakataza pia mtoto wa chini ya miaka 10 kupelekwa shule ya kurekebisha tabia. Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba mtoto awekwe kizuizini pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, tena mbali na watu wazima.

Sheria mpya ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12. Wamumu nayo imebaki shule ya serikali ya kurekebisha tabia, na wavulana bado hufikishwa huko, safari hii kwa amri ya mahakama.