Azimio Likifutwa

Tarehe 1 Aprili 2008, maazimio zaidi ya 200 yalifutika kwa siku moja, na hakuna aliyepiga kura ya kuyafuta. Limo lililopiga marufuku utumwa, limo lililolinda misitu, limo lililozikataza meli za mafuta zenye ganda moja. Yote yalikuwa ya mchezo wa intaneti uitwao NationStates, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wajinga, wachezaji wengi walidhani wanataniwa. Hawakutaniwa. Umoja wa Mataifa, huu wa kweli wenye makao makuu New York, ulikuwa umemwandikia barua mwenye mchezo mwezi Januari mwaka huo, ukimtaka aache kutumia jina lake na nembo yake.

Jina na nembo hiyo vina ulinzi wake. Azimio 92(I), ambalo Baraza Kuu lililipitisha tarehe 7 Desemba 1946, linazitaka nchi wanachama zizuie mtu yeyote asivitumie bila idhini ya Katibu Mkuu. Yaani ulinzi ulioandikwa mwaka mmoja tu baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika ulikuwa bado una nguvu ya kumfikia kijana wa Melbourne na tovuti yake. Max Barry, mwandishi wa riwaya wa Australia aliyeubuni mchezo, hakutaka kesi. Chombo kilichokuwa kinaitwa Umoja wa Mataifa akakiita Bunge la Dunia, maazimio ya zamani akayahifadhi kama kumbukumbu tu, na daftari jipya likaanza na namba moja.

Nilikuwa mwanachama wakati huo. Mimi ni mwalimu wa Uraia na Historia mkoani Tanga, na mchezo huu niliuanza kwenye kibanda cha intaneti mjini, enzi zile unalipia nusu saa na kuisikia kompyuta ikihema kabla ukurasa haujafunguka. NationStates ilinifaa kwa sababu kurasa zake ni maandishi matupu. Zilifunguka hata siku ambayo picha moja ya gazeti ilikwama katikati. Unaanzisha taifa lako, unalipatia bendera, wito, sarafu na mnyama wa taifa (wangu ni kanga), kisha kila siku unaletewa jambo la kuamua: shule ziwe bure au zilipiwe, magazeti yaachwe huru au yabanwe. Uamuzi wako unapandisha au kushusha uchumi, haki za raia na uhuru wa kisiasa wa watu ambao hawapo.

Barry aliufungua mchezo Novemba 2002 ili kuitangaza riwaya yake, Jennifer Government, iliyotoka mwanzoni mwa 2003. Ni hadithi ya ulimwengu ambamo makampuni yametwaa karibu kila kitu, serikali imebaki kivuli, na watu wanatumia jina la mwajiri kuwa jina la ukoo. Watu walikuja kuutazama mchezo, wakabaki, na wengi wao wakajali zaidi kile chombo cha pamoja ambamo mataifa yao yalitungiana sheria. Azimio la kwanza kabisa lilitumia maneno yaliyokuwa yakisikika kila siku redioni wakati ule, ya kupambana na mhimili wa uovu. La nne lilizuia Umoja wa Mataifa wa mchezo kuwatoza raia kodi moja kwa moja. Ukilisoma leo unaona hofu ileile ya mtu wa kijijini anaposikia kuna ushuru mpya unatoka makao makuu.

Mwanzoni hapakuwa na njia ya kufuta. Azimio likipita limepita, hata kama limeandikwa vibaya. Wachezaji wakawa wanatunga azimio la kupinga jingine, sheria zikapandana, hata mwanachama hakujua afuate ipi. Baadaye wenye mchezo wakaruhusu kufuta. Ila kurekebisha hawakuruhusu, na mpaka leo hairuhusiwi: huwezi kubadili neno, huwezi kuongeza kifungu, huwezi kuondoa koma. Azimio lenye kifungu kimoja kibovu na tisa vizuri linabaki lote au linaondoka lote. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyozaa desturi ninayotaka kuieleza.

Mtu anayetaka kufuta anaandika pendekezo na kulipeleka kwa wajumbe wa kanda (kanda ni kundi la mataifa ndani ya mchezo). Asilimia 6 yao wakiliidhinisha, linaingia ukumbini, na kila taifa mwanachama linapiga kura ya kukubali au kukataa. Mjumbe ana kura yake pamoja na kura moja kwa kila taifa la kanda yake lililomuunga mkono, kwa hiyo wajumbe wa kanda kubwa wakipiga kura asubuhi ya kwanza, mstari wa kijani au mwekundu unarefuka mbele ya macho yako na wengine wanaufuata. Azimio likipita, mwanachama anapata telegramu kutoka kamisheni ya utekelezaji ikimwarifu kwamba sheria za nchi yake zimekwisha kubadilishwa. Wachezaji husema kazi hiyo inafanywa na vibwengo wanaoingia usiku kwenye ofisi za serikali na kuandika upya vitabu vya sheria. Hakuna kukaidi. Azimio likifutwa, vibwengo walewale wanarudi kuondoa walichokiweka.

Sasa angalia pendekezo la kufuta azimio la ulinzi linavyoandikwa. Karibu kamwe halisemi kwamba ulinzi ni kitu kibaya. Linaanza kwa kuyasifu malengo ya azimio: kulinda wanyama, watoto, wakimbizi, makaburi ya kale. Kisha linasikitika. Kifungu cha tatu kina mwanya. Neno fulani halikufafanuliwa. Adhabu ni ndogo. Na kwa kuwa hakuna kurekebisha, basi, kwa masikitiko, tulifute ili tuweke bora. Nimesoma mapendekezo mengi ya aina hii na nakiri mengi yao yana ukweli. Hata hivyo mpiga kura husoma hoja ya kufuta, mara chache sana hulisoma azimio lenyewe. Aliyeshtaki yupo mbele yake, aliyeshtakiwa yupo kabatini.

Kanuni za mchezo zilijitahidi kulitazama jambo hili. Pendekezo la kufuta haliruhusiwi kulisingizia uongo azimio linalolishambulia. Likidai azimio linasema lisichosema, linatupwa. Haliruhusiwi kusimama juu ya hoja moja tu ya kwamba kila taifa lijiamulie, maana hoja hiyo ingefuta kila kitu. Na haliruhusiwi kubeba sheria mpya mgongoni: linafuta, basi. Tangu 2016 wanaoamua kama pendekezo limevunja kanuni ni sekretarieti ya wachezaji wenyewe, wala si wasimamizi wa tovuti, na maamuzi yao wanayaeleza kwa sababu zilizoandikwa. Nimewahi kuwasomea wanafunzi wangu uamuzi mmoja wa namna hiyo wakauliza hao ni majaji wa nchi gani.

Hiyo kanuni ya kutobeba sheria mpya ndiyo yenye hatari. Kati ya siku azimio la zamani linapoondoka na siku jipya linapopita kuna pengo, na katika pengo hilo hakuna ulinzi wowote. Mbadala unaweza kukwama kwa wajumbe, unaweza kushindwa ukumbini, mtunzi anaweza kuchoka na kuacha taifa lake lilale mpaka lifutwe kwa kutotumika. Wapo pia wanaoahidi mbadala wakijua hawatauleta. Upande wa pili nao una hila yake: mtu anatunga azimio dhaifu la makusudi, linalogusa jambo kwa ncha ya kidole, akijua kanuni zinakataza azimio jingine kulirudia au kulipinga. Hilo linakuwa kizibo. Linaitwa ulinzi, kazi yake ni kuzuia ulinzi. Kulifuta la namna hiyo ni tendo jema kabisa, na ndiyo maana sikubaliani na wale wanaopiga kura ya kukataa kila ufutaji bila kusoma.

Wachezaji wazoefu walipambana na pengo hilo kwa desturi, maana kanuni isingeweza. Anayetaka kufuta huandika kwanza mbadala, anauweka wazi watu waukosoe kwa wiki kadhaa, anabadilisha vifungu, na ndipo anapopeleka la kufuta huku jipya likiwa tayari nyuma yake. Hakuna anayelazimishwa. Ila mtu akija mikono mitupu ataulizwa mbadala wake uko wapi, na ataulizwa mbele ya watu. Naiona hii kuwa kazi kubwa kuliko azimio lolote walilopitisha, kwa sababu hakuna aliyeiamuru.

Faida ya kuwa na mbadala tayari ilionekana pia baada ya ile Aprili ya 2008. Watu walipoamka na daftari tupu, azimio la pili walilolipitisha lilihusu haki na wajibu wa mataifa wanachama. Halikuwa geni: katika daftari la zamani lilikuwepo azimio la jina karibu hilohilo, namba 49, lililochota kutoka rasimu halisi ya mwaka 1949 ya Tume ya Sheria ya Kimataifa. Maandishi ya zamani yalikuwa yamehifadhiwa, kwa hiyo waliweza kujenga upya badala ya kuanza na kumbukumbu ya kichwani. 

Nikifundisha haya, mwanafunzi akaniuliza kama yana maana yoyote nje ya mchezo, nampeleka kwa tembo. Oktoba 1989, mjini Lausanne, Uswisi, Tanzania ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele kuomba tembo wote wa Afrika wawekwe katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, yaani biashara ya kimataifa ya meno yao ipigwe marufuku. Ikakubaliwa. Mwaka 1997, mjini Harare, ulinzi huo ukalegezwa kwa tembo wa Botswana, Namibia na Zimbabwe. Kisha Machi 2010, mjini Doha, Tanzania ileile ikaomba tembo wake nao washushwe daraja ili iuze karibu tani 90 za meno yaliyokuwa ghalani. Kenya ikapinga. Hoja yetu haikuwa kwamba tembo hawana thamani. Ilikuwa kwamba fedha za mauzo zingesaidia kuwalinda. Ombi likakataliwa.

Wanafunzi hupenda kuishia hapo na kushangilia. Siwaruhusu. Sensa ya 2009 iliwakuta tembo takriban 109,000 nchini. Ile ya 2014 iliwakuta takriban 43,000. Marufuku ilikuwa imesimama miaka yote hiyo, na majangili waliendelea kuua tembo katika Pori la Akiba la Selous. Huku kwetu hakuna vibwengo. Azimio likipita Lausanne, mtu wa kulitekeleza ni askari wa wanyamapori mwenye buti lililochanika, na analipwa au halipwi. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mchezo na dunia, na nadhani ndiyo inayofanya mchezo ufae darasani: ukiondoa suala la utekelezaji, kinachobaki mezani ni maneno ya sheria yenyewe, na mtoto anaweza kuyaangalia kwa makini bila kukimbilia kusema tatizo ni rushwa.

Shuleni kwetu kompyuta hazitoshi, kwa hiyo tunacheza kwa karatasi. Kila dawati ni taifa, ubao ni Bunge la Dunia, na kanuni ni zilezile: hakuna kurekebisha. Kidato cha tatu kimoja kilipitisha azimio la kulinda mikoko, kwa kuwa wengi wao wametoka vijiji vya pwani na wanajua anayekata, anayeuza na bei ya mzigo wa boriti. Lilikuwa azimio zuri lenye kosa moja: lilikataza kukata mikoko yote, pamoja na kuni zilizokauka zenyewe, na binti mmoja akasimama kusema bibi yake angekuwa mhalifu kwa kupika uji. Alikuwa na haki. Wakalifuta kwa kura nyingi na kuahidi jipya wiki inayofuata. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mtihani, kisha likizo, na walipofungua shule taifa lililoahidi kuandika lilikuwa limehamia mkondo mwingine. Kwenye ubao wetu mikoko ilikaa bila sheria mpaka mwisho wa mwaka, na dawati moja lilijitangazia biashara ya boriti.

Mwalimu mwenzangu wa Uraia, ukitaka kuujaribu mchezo huu, huhitaji umeme wala vifurushi vya data. Chukua sheria ndogo moja ya kijiji chenu inayolinda kitu, chanzo cha maji au msitu, wape wanafunzi waisome yote kwa sauti, kisha uwape ruhusa ya kuifuta. Weka sharti moja tu, na ulisimamie bila huruma: hakuna kupiga kura ya kufuta mpaka mbadala uwe umeandikwa, umesomwa na umebandikwa ukutani.