Divai Tamu ya Sauternes na Ushahidi wa Miaka Yake

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za divai tamu ya Sauternes, nayo ni nchi ndogo iliyo kusini ya mji wa Bordeaux katika Ufaransa. Twajua ya kuwa wengi wenu dini yawakataza kuinywa. Basi hatuwaiti kunywa, twawaita kusikiliza; maana mtu aweza kutiliwa katika bilauri divai iliyotengenezwa kabla ya kuzaliwa babu yake, akaambiwa mwaka wake, naye hana budi kupima kama ni kweli.

Tembo la mnazi huwa tamu asubuhi, na baada ya siku chache ni siki. Divai hii yawezaje kukaa miaka mia? Asili ya jambo hili ni kuvu. Maji ya mto Ciron ni baridi, nayo huingia katika mto Garonne ulio na maji ya vuguvugu zaidi. Kwa hiyo mwezi wa Septemba na Oktoba ukungu hutanda mashambani asubuhi, na mchana jua huukausha. Hapo kuvu humea juu ya zabibu mbivu na kuitoboa ngozi yake, maji yakatoka, zabibu ikasinyaa, ikabaki sukari nyingi pamoja na ukali wake. Wachumaji hupita shamba lile lile mara nyingi, wakichuma zile zilizosinyaa tu. Katika shamba la Yquem, lililo mashuhuri kupita yote, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa bilauri moja tu. Sukari hiyo, na ukali, na nguvu ya kileo, ndizo ziilindazo divai isiharibike.

Hata hivyo kuvu haiji kila mwaka kama itakiwavyo. Mwaka 1992, na tena mwaka 2012, wenyeji wa Yquem hawakuuza divai yo yote kwa jina la shamba lao. Mwaka 1967 divai nyekundu za Bordeaux zilikuwa za kadiri tu, lakini ile tamu ilisifiwa mno. Lakini mavuno mema yaliweza kuleta mali nyingi: mwaka 1859 Constantine, ndugu yake mfalme wa Urusi, alilipa faranga 20,000 za dhahabu kwa lita 900 hivi za mavuno ya mwaka 1847.

Wenye kulinganisha miaka huzipanga bilauri kwa safu, na pengine huzifunika chupa ili jina lisiudanganye ulimi. Kwanza hutazama rangi. Divai changa ni ya dhahabu nyepesi. Ikizeeka hugeuka kama kaharabu, kisha kama chai ya rangi. Harufu nayo hubadilika, kutoka matunda mabichi na asali hata ganda la chungwa na sukari iliyoungua. Utamu wenyewe huonekana kama umepungua, ingawa sukari imo bado. Mavuno ya 1921, mwaka wa joto kali, hujulikana kwa uzito wake na weusi wake. Kwa maoni yetu, ulimi waweza kusema hii ni nzee na ile ni changa. Lakini kuutaja mwaka ni kazi nyingine.

Jambo hilo lilidhihirika baada ya mwaka 1985, mfanyabiashara mmoja wa Ujerumani alipotoa chupa zilizochorwa herufi Th.J., nyingine zikiwa za Yquem, zikasemwa kuwa mali ya Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Watu walionja, wakasifu. Wengine baadaye wakashuku, na mambo yakafika mahakamani. Wataalamu wa Bordeaux wana chombo kinachopima, bila kufungua chupa, sesiamu 137, kitu kilichoenea duniani kwa mabomu ya atomiki tangu mwaka 1945. Chombo hicho huweza kumfichua mwongo wa jana, lakini hakiwezi kutenganisha mwaka 1787 na mwaka 1900.

Ikabidi kurudi kwenye karatasi. Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, hata senti aliyotumia. Barua zake zaonyesha kwamba aliagiza chupa 250 za Yquem za mavuno ya mwaka 1784. Za mwaka 1787, watunzaji wa nyumba yake huko Monticello walizitafuta katika daftari zake wasizione.