Majeraha ya ubongo: Safari ya kupona huendelea kijijini

MTU aliyeumia ubongo aghalabu hurejea nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Kovu kichwani limefunikwa na nywele, mikono yake ina nguvu, nao majirani waliofika kumpa pole huondoka wakimshukuru Mungu kwamba amepona. Ni baada ya wiki kadhaa ambapo jamaa hutambua kuwa kijana aliyekuwa mpole sasa hughadhabika kwa jambo dogo, husahau alichotumwa kabla ya kufika dukani, huwa hoi kufikia saa nne asubuhi, na pengine huanguka kifafa.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambazo kwa pamoja zilikuwa na takriban watu milioni 2.1 katika sensa ya 2019, visababishi vya majeraha haya si vigeni. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hukatiza Makueni kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei. Bodaboda zimefika hadi vijiji vya ndani kabisa, na abiria wengi bado hupanda bila helmeti ingawa sheria inawataka waivae. Wapo pia wanaoanguka kutoka mitini wakichuma maembe, na wale ambao ubongo wao umeathiriwa na kiharusi, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Mtindio wa ubongo, ambao chanzo chake huwa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au punde baadaye, huhesabiwa kando, japo mahitaji ya familia hufanana kwa mengi.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo humwezesha mtu kupanga shughuli, kuanza kazi bila kusukumwa na kuzuia hasira. Ikijeruhiwa, mwenye jeraha huonekana mvivu, mlevi au mkaidi. Baadhi ya familia husema amerogwa au ana mapepo, na miezi ambayo ingetumika kumfunza upya hupotea akizungushwa huku na huko.

Makueni ina tajriba ya kipekee katika suala hilo. Katika muongo wa 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoasisiwa na Profesa David Ndetei, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuwaleta pamoja wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa. Hawa wawili wa mwisho hawakufukuzwa wala kukejeliwa. Walifunzwa kutambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa katika vituo vya afya. Mradi huo haukuanzishwa kwa ajili ya majeraha ya ubongo. Hata hivyo, njia uliyoifungua ndiyo hiyo hiyo anayohitaji mtu aliyeumia kichwa, kwa kuwa mlango wa kwanza kubishwa huenda ukawa wa mganga au mchungaji.

Wazo la kumsaidia mlemavu pale anapoishi, badala ya kumfungia katika taasisi, lilienezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978. Mwongozo wake wa 2010 ulitaja nguzo tano: afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezo wa mtu kujisemea.

Ukambani, msingi wa kazi hiyo ulikuwapo zamani. Mwethya, desturi ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao kwa zamu, ndiyo iliyochimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko katika milima ya eneo hilo. Vikundi vya akina mama wanaosuka viondo hukutana chini ya mti wakipiga gumzo huku mikono ikifanya kazi. Kiondo huanzia kitakoni, na msusi hulazimika kuhesabu nyuzi na kukumbuka zamu ya rangi. Akikosea, hufumua na kuanza tena, na hakuna anayemcheka, maana kila mmoja amewahi kufumua. Kwa mtu ambaye umakini na kumbukumbu zake zimepungua, hayo ni mazoezi. Kuchambua ndengu, kusokota mkonge au kutwanga mahindi ya muthokoi pia huipa siku yake mpangilio.

Ila kikundi kinachompokea kinapaswa kujua mambo machache. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja. Kazi nzito ya fikra ifanywe asubuhi, naye apumzike kabla hajachoka kabisa. Ratiba isibadilishwe ovyo. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto, kisima au juu ya ngazi, wala asiache dawa kwa sababu mwezi umepita bila kuanguka. Pombe ni hatari kwake kuliko kwa mwingine. Naye aliyegongwa kichwa karibuni, akianza kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi au kusinzia kusiko kwa kawaida, arudishwe hospitalini mara moja.

Kisheria, mtu huyu hana sababu ya kuachwa nje. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinajumuisha kasoro za akili na za kisaikolojia katika maana ya ulemavu. Ugumu huja wakati wa tathmini ya hospitali, inayohitajika ili kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katika mazungumzo mafupi, mwenye jeraha la ubongo anaweza kujibu kila swali sawasawa. Ndiyo maana ni heri aandamane na anayemtunza kila siku, akiwa na karatasi za hospitali na daftari lenye tarehe za kifafa na matukio ya kupotea njia. Nao mpango wa Inua Jamii, unaotoa Sh2,000 kwa mwezi, huzilenga familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wa kila wakati. Anayetembea na kuzungumza ni rahisi kurukwa, hata kama hawezi kuachwa peke yake nyumbani.

Mzigo huo kwa kawaida huangukia mke au mama. Pale ambapo kikundi humchukua mgonjwa asubuhi moja kwa wiki, mwanamke huyo hupata nafasi ya kwenda kuteka maji, kufika sokoni, au kulala saa mbili bila kuamshwa.