Albamu ya kolabo (muziki wa kielektroniki)

Albamu ya kolabo ni ile ambayo midundo yake yote hutengenezwa na mtayarishaji mmoja au wachache kwa kompyuta na kinanda, kisha waimbaji wa nje hualikwa, kila mmoja na wimbo wake. Jina la mtayarishaji ndilo hukaa juu ya jalada. Waimbaji hutajwa baada ya neno "akimshirikisha". Makala haya yanaieleza kwa mifano ya Kenya, na kwa jicho la Laare, mji wa soko la miraa huko Igembe, Kaunti ya Meru.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni BLNRB: Welcome to the Madhouse, iliyotolewa mwaka 2011 na Outhere Records ya Ujerumani. Taasisi ya Goethe ya Nairobi iliwakutanisha watayarishaji wa Berlin, wakiwemo ndugu wawili wa Gebrüder Teichmann, Modeselektor na Jahcoozi, na sauti za Kenya kama Nazizi, Abbas Kubaff na Ukoo Flani. Besi na mashine zilitoka Berlin, lakini anayeisikiliza albamu hiyo leo hujua ni ya Nairobi mara tu Kiswahili na Sheng vinapoingia. Sauti ndiyo iliyoupa mdundo kwao. Alai K wa Ukoo Flani baadaye alianzisha Disco Vumbi, akasuka ngoma za pwani na kompyuta, na kazi yake ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Just A Band, kundi lililozaliwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilipita njia nyingine. Albamu zake Scratch to Reveal (2008), 82 (2009) na Sorry for the Delay (2012) zilitengenezwa na wanakundi wenyewe.

Kazi ya albamu ya kolabo huanza na mdundo mtupu. Mtayarishaji humtumia mwimbaji faili yenye besi, ngoma na nafasi ya kiitikio, naye mwimbaji hurudisha sauti ya majaribio iliyorekodiwa kwa simu. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea: mtayarishaji hufunga ufunguo wa wimbo kabla hajajua mwimbaji anafika wapi juu na chini. Kuupandisha au kuushusha mdundo kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache; kumlazimisha mtu aimbe nje ya koo lake huharibu wimbo mzima.

Chumba nacho kina neno lake. Ukuta wa mawe na bati la juu hurudisha mwangwi, na mwangwi ulioingia kwenye maikrofoni ni vigumu kuutoa. Blanketi nzito mbili zikining'inizwa nyuma na kandoni mwa mwimbaji hufanya kazi ya kutosha. Soksi nyepesi iliyovutwa juu ya pete ya waya, upana wa kiganja kutoka kwenye maikrofoni, huzuia pumzi ya "p" na "b" isipige kama kofi. Katika mji ambao magari ya miraa hutoka kwa kasi kuwahi ndege za Nairobi, saa ya kurekodi huchaguliwa kwa kusikiliza barabara kwanza.

Jambo zito zaidi kwa Laare ni lugha. Kimeru ni lugha ya toni: neno likipandishwa au kushushwa huweza kubadilika maana. Mtayarishaji anayetunga melodi kwenye kinanda bila kumsikia mwimbaji akiyasema maneno kwa lahaja ya Kiigembe atapata wimbo mtamu usioeleweka sokoni. Mwalikwa apigiwe melodi mapema, naye apewe ruhusa ya kuigeuza. Akiigeuza, ameshiriki kutunga, na haki yake imebadilika.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Kwa miaka mingi, miongoni mwa vyama vya kukusanya mirabaha, MCSK ilihusika na watunzi, KAMP na watayarishaji wa rekodi, na PRISK na waigizaji na waimbaji. Mwalikwa aliyeimba tu na mwalikwa aliyeimba na kutunga hawalipwi kwa hesabu moja. Wengi hugundua hilo wimbo ukiwa tayari redioni, wakati urafiki umeshaingia ufa. Ewe unayewasha kompyuta leo Laare, andika mgao wa kila wimbo siku ile ile ya kurekodi, wekeni sahihi wote wawili, na mwalikwa aondoke na nakala yake mkononi.