Umoja wa Mataifa hupata wapi fedha zake?

Umoja wa Mataifa (UN) hautozi raia kodi. Shughuli zake hutegemea fedha zinazotolewa na mataifa wanachama, ambayo ni 193.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 17 cha Mkataba wa umoja huo, gharama hubebwa na wanachama kwa mgao unaoamuliwa na Baraza Kuu. Kila baada ya miaka mitatu, Baraza hupanga kiwango cha kila nchi likizingatia pato la taifa, mzigo wa madeni ya nje na kipato cha wananchi.

Hakuna taifa linalotozwa chini ya asilimia 0.001 ya bajeti ya kawaida, wala zaidi ya asilimia 22. Kiwango hicho cha juu, ambacho hutozwa Marekani pekee, kilikuwa asilimia 25 hadi kilipopunguzwa mwaka wa 2000. Mataifa yenye maendeleo duni zaidi hayatozwi zaidi ya asilimia 0.01.

Vikosi vya kulinda amani vina bajeti yake. Humo, wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama hutozwa zaidi, kwa kuwa wana wajibu wa pekee katika kulinda usalama wa dunia.

Aidha, ipo michango ya hiari. Shirika la watoto, UNICEF, na lile la chakula, WFP, huitegemea kabisa. Nalo shirika la mazingira, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, hupata sehemu ndogo tu kutoka bajeti ya kawaida. Udhaifu wa michango hii ni kwamba mfadhili anaweza kuipunguza apendapo, na mara nyingi yeye ndiye huamua itumiwe wapi.

Hata michango ya lazima huchelewa. Kifungu cha 19 kinasema nchi yenye malimbikizo yanayofikia michango ya miaka miwili hupoteza kura katika Baraza Kuu, isipokuwa ikithibitika kuwa imeshindwa kulipa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Hivyo basi, taifa tajiri likichelewa kwa mwaka mmoja, kura yake haiguswi, ilhali pengo liachwalo ni kubwa. Mara nyingi wanaoumia ni mataifa yanayotoa wanajeshi, mengi yakiwa ya Afrika na Asia, ambayo husubiri kurejeshewa gharama zao.